Kamera Aliyoikataa Dobi

Naandika kwa sababu kusema siwezi tena. Koo langu lina tundu, na sauti iliyokuwa ikitoka humo waliiondoa hospitali pamoja na uvimbe, wakaitupa wanakojua wenyewe. Kwa hiyo asitarajie mtu upole kwangu. Zamani hasira zangu zilitoka mdomoni zikaisha palepale. Siku hizi zinalala tumboni, na hii kalamu ndiyo mlango pekee uliobaki.

Ninayetaka kumwelezea si mimi, ni mume wangu, dobi. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina jingine, hata watoto wa shule wanamwamkia "Shikamoo Dobi." Huu ni mwaka wake wa thelathini na moja akifua nguo za watu kwenye kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba yetu: mabeseni sita, kamba nne, pasi mbili na meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Ukitaka kuwajua binadamu, kaa na dobi. Wale wanaopita na tai zao wakinukia uturi, mume wangu anazijua kola zao kwa ndani. Mashati yenye utando mweusi shingoni, soksi zinazosimama zenyewe, leso zilizogandamana hata hutaki kujua kwa nini. Khaa! Mimi nikikiona kikapu chake asubuhi nilikuwa natema mate pembeni. Yeye wala hashtuki. Anaigeuza nguo nje ndani, anapekua mfuko mmoja mmoja mpaka ule mdogo usio na kazi, ananusa kwapa, ndipo anaamua maji ya moto au ya baridi.

Na kitu akikikuta mfukoni hakitupi. Anakifunga kwenye kitambaa chenye alama ya mwenye nguo, anakitia kwenye kopo la bati juu ya rafu. Funguo, pete, barua, picha za watoto, na mara moja jino la dhahabu. Kuna wateja hawajarudi mwaka wa kumi huu, vitu vyao vipo.

Kusema hasemi. Kusema ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nanadi mitumba sokoni bila chombo chochote, na ndiyo maana wakaniita Kipaza. Nikipanda juu ya robota na kufungua mdomo, wanunuzi wa upande wa viazi, mwisho kabisa wa soko, wanageuka. Nyumbani nilisema kwa niaba yetu wawili, na sikuona kama kuna aliyepunjwa.

Basi koo likaanza kukwaruza, nikasema ni vumbi la mitumba. Daktari akaingiza mrija wake, akatazama, akaniambia kisanduku cha sauti kitatolewa chote baada ya wiki tatu, siku ya Alhamisi. Nikauliza nitakufa? Akasema sitakufa nikikubali. Nikakubali, ningefanyaje.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Dobi, "Haya, mzee, sasa utapumzika masikio."

Hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono yake iliyonyauka kwa sabuni ikiwa magotini, kisha akauliza, "Na mjukuu?"

Binti yetu alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Sikuwa nimemfikiria huyo mtoto hata kidogo. Mtu atakayekuja duniani akanikuta bubu, asijue kabisa kwamba bibi yake aliwahi kulitikisa soko. Nikageukia ukutani nisionekane uso.

"Nitanunua kamera ya video," Dobi akasema.

Mtu atauliza, simu je? Simu ya binti yetu ilikuwa imeibiwa mwezi uliotangulia, na kila kilichokuwemo kikaenda nayo. Ya Dobi ni ya kubonyeza. Hata hivyo simu hana imani nazo. Ametoa zaidi ya ishirini kwenye suruali za watu. "Kitu kinachosahaulika mfukoni sikitilii sauti yako," akasema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba. Akachukua akiba aliyoiweka kwa ajili ya mashine ya kufulia, tukaenda mjini.

Duka la kwanza lilikuwa la vioo, baridi mpaka mifupani. Muuzaji ana tai na meno yote nje. "Mzee wangu, hii hapa inavuta mara mia tatu! Mtu yuko kilima cha pili, wewe unamhesabia chunusi!"

"Inasikia?" Dobi akauliza.

"Ina rangi kali, inapiga hata gizani."

"Nimeuliza inasikia?"

Hakujua. Anauza kitu na hakijui, lakini mdomo haufungi! Dobi akafanya alichokuja kukifanya kila tulikopita: alibonyeza kitufe chekundu, akaniambia niseme chochote, kisha akarudisha nyuma tusikilize. Sauti yangu ikatoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Akaigeuza kamera juu chini akitafuta tundu la maiki, hakuna. Hiyo picha ya kilima cha pili nayo, ukiivuta sana inakuwa madonge matupu. Tulipokuwa tunaondoka nikamsikia mwenye tai akimwambia mwenzake, "Hawa hawanunui, wamekuja kupoa." Nikarudi mpaka mlangoni nikamwambia baridi yake abaki nayo, imuhifadhi asioze. Dobi akanivuta mkono.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Tukaenda mtaa wa vitu vilivyotumika, kwa bwana mmoja wanayemwita Dhamana. Kila kitu chake ana dhamana nacho mwaka mzima, hata chaja iliyoungua. Meza yake, jamani! Nyaya zimeviringana na mabaki ya chakula, na yeye anakula huku anauza. Vidole vinang'aa mafuta, na kwa vidole hivyohivyo akashika kamera, akaitemea mate kwenye lenzi, akaifuta kwa fulana yake. Dobi akainusa ule mkanda wa kushikia. Nikamuona pua inamcheza, na pua ya dobi haichezi ovyo. Betri imevimba, na ndani ya lenzi kumeota ukungu.

"Hii hata kadi huitaki," Dhamana akasema. "Ina kumbukumbu yake humo ndani. Tazama."

Akabonyeza. Kwenye kile kioo kidogo akatokea mwanamke, nyumbani kwake, amejifunga shuka kifuani, anaogesha mtoto mchanga kwenye beseni. Anaimba. Shuka linateleza, anacheka, analipandisha, anamwambia aliyeshika kamera aache. Mambo yake na mumewe na mtoto wao, na kamera imeuzwa, au imeibiwa, na wao wamo ndani bado.

Dhamana akamkonyeza jirani yake wa meza ya pili, wakacheka. "Huwa tunaangalia hii tukichoka," akasema.

Dobi akamnyang'anya kamera. Na mimi nikafungua mdomo. Sikumbuki nilisema nini, ila najua mtaa ulisimama. Muuza redio mbovu wa jirani alizima redio zake. Dhamana alirudi nyuma mpaka kiti kikamkamata, mikono juu. "Basi, mama, yaishe, nafuta! Leo hii hii nafuta!" Nikasonya, nikamtangulia Dobi kuondoka. Yeye alichelewa kidogo kuirudisha kamera mezani. Aliponifikia akasema neno moja tu: "Ukungu."

Nilienda kunawa mikono kwenye bomba la msalani, ingawa sikuwa nimegusa kitu.

Ya kwetu tuliipata kwa mama mmoja anayepiga picha za pasipoti kwenye chumba kisichotosha viti vitatu. Ndiye mtu wa kwanza kutuuliza, "Mnataka kurekodi nini?" Dobi akaninyooshea kidole. Yule mama akatazama, akaelewa bila kuambiwa, akatoa boksi dogo. "Haivuti mbali," akasema, "na haina madoido. Lakini ina tundu la maiki, haitikisiki ovyo, na betri ya ziada nawapa. Kwa anayeanza inatosha. Mwekeni kwenye mwanga wa dirisha, na wewe mzee ukae karibu naye." Tukatoka nayo barabarani, magari yakipita, nikasema maneno yangu, Dobi akarudisha nyuma. Nilikuwa mimi mwenyewe, na mikwaruzo yangu yote. Dobi akatikisa kichwa mara mbili, kama anavyoitikisia nguo iliyotakata.

Siku kumi na mbili alinirekodi. Alikuwa anabana pumzi akishika kamera, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka nikamwambia atakufa kabla yangu. Nilinadi robota zima kuanzia mashuka hadi soksi moja moja. Nilimwambia mjukuu mimi ni nani, na mama yake alikuwa mtundu kiasi gani. Nilimtungia wimbo wa kulala, mbaya lakini wangu. Nikatoa hata siri niliyoificha miaka thelathini: kwamba nguo ya kwanza niliyompelekea Dobi afue ilikuwa safi, niliifua mwenyewe jana yake, nilitaka tu sababu ya kusimama pale. Kamera ikashuka. "Nilijua," akasema. "Haikuwa na harufu ya mtu."

Ikabaki siku moja niende kulazwa. Akaja shemeji yangu, mdogo wake Dobi, anayepiga video za harusi. Mtaani wanamwita Dairekta, na yeye anaitika. Miwani ya jua sebuleni. "Kaka, mambo haya muachie mtaalamu. Nipe kadi, nitaisafisha, niiweke vizuri kwenye diski, mkirudi mnakuta kazi." Dobi alisita. Mimi, kwa mdomo wangu huuhuu, nikasema mpe, ndugu ni kufaana. Hilo lilikuwa kati ya maneno yangu ya mwisho, na ninajuta kulisema.

Nikakatwa. Sitaki kuyaeleza ya wodini. Nilirudi na tundu, na kitambaa cha kulifunika, na kibao cha kuandikia. Jumapili iliyofuata Dairekta akaja na diski yake kwenye kasha lenye picha yangu na waridi. Waridi! Binti yetu akaketi, tumbo hilo, Dobi akavua kofia.

Ukaanza wimbo. Wa harusi, wa kinanda, sauti ya mtu nisiyemjua akimsifia bibi harusi. Mimi nimo katikati ya kioo nimezungukwa na mioyo inayopepea, mdomo unafunguka na kufumba. Tukangoja wimbo uishe. Ukaisha, ukaingia mwingine. Mdomo unafunguka, unafumba. Nanadi robota langu bubu. Namwimbia mjukuu bubu.

"Baba mdogo, mama anaanza kusema saa ngapi?" binti akauliza.

"Aa, ile sauti ya mwanzo ilikuwa na kelele," Dairekta akajibu, anajivuna. "Mara beseni, mara pasi, mara shemeji anakohoa. Sisi kwenye kazi zetu ile tunaitoa yote, tunalaza wimbo. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika."

"Na kadi?" Dobi akauliza.

"Nilishaifuta, kaka. Jumamosi nilikuwa na harusi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisimama nimtapishe maziwa aliyonyonya, nikavuta pumzi ya miaka yote ya sokoni, na kilichotoka ni hewa. Ilitoka kwenye tundu, na makohozi nayo, yakaruka kitambaa yakanidondokea kifuani. Na nikamuona Dairekta akikunja miguu yake, akageuza uso pembeni. Alinionea kinyaa. Yeye! Mimi! Na kibaya zaidi, hata mimi nilijionea. Dobi alichukua kitambaa, akanipangusa taratibu, akakikunja uchafu ukiwa ndani kama anavyokunja vya wateja. Kisha akamfungulia mdogo wake mlango, akausimamia mpaka alipotoka. Diski nikaivunja kwa goti, vipande viwili, nikatoboka mkono.

Baadaye niliviokota vile vipande, sijui kwa nini. Ng'ombe wa maskini hazai, nikaandika kwenye kibao. Dobi akasoma, akafuta, akarudi kibandani.

Siku ya tatu nikaona moshi dirishani. Nikakimbilia kibandani nikakuta pasi imekaa juu ya suruali ya mwalimu, moshi unapanda, na Dobi hayupo. Miaka thelathini na moja hajawahi kuunguza hata leso! Nikaichomoa pasi, nikakaa kwenye kigoda, nikiwaza mabaya ambayo mtu huwaza.

Alirudi alasiri, ana kifurushi cha gazeti. Akakiweka mezani, akafunua. Ile kamera ya Dhamana, na mkanda wake wa jasho, na ukungu wake. Nikaandika kwenye kibao kwa herufi kubwa: UMERUKWA NA AKILI?

"Nilikuwa napekua mifuko yote kichwani," akasema. "Mmoja sikuupekua."

Kule kwa Dhamana, alinieleza kidogokidogo, yule bwana aliapa kwamba kila kitu alishafuta, zamani, siku ileile, dhamana. Dobi hakubishana naye. Aliomba kamera, akaiwasha, akamkuta yule mama bado anaogesha mtoto wake, akainunua. Dhamana hakuwa amefuta kitu. Mvivu, mwongo, mchafu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamshukuru mvivu. Dobi alikuwa amekumbuka kwamba siku ile, alipomnyang'anya kamera, kidole chake kilibonyeza kitufe chekundu kwa mazoea, kama kila dukani. Ila hakurudisha nyuma asikilize, kwa sababu nilishaondoka.

Akabonyeza. Akapita yule mama, na beseni, na wimbo wake. Halafu picha ikawa ya kisigino cha mtu na mguu wa meza, yote katika ukungu. Na mimi.

"Futa hiyo! Futa, mbwa wewe! Huna mama? Hukuzaliwa, uliokotwa? Mtu anaogesha mwanawe, wewe unamkenulia meno yenye nyama! Ningekuwa na sabuni ningekusugua hiyo roho kwa brashi ya choo! Futa, nasema!"

Na mengine ambayo siyaandiki. Safi kabisa, kila neno, mpaka ule mvumo wa mabati ya mapaa ya mtaa ule nilipopandisha sauti. Nilipiga meza kwa kiganja, nikacheka bila sauti mpaka tundu likapiga mluzi.

Dobi akainua kidole, nisubiri. Ndani ya kamera mimi nilishasonya na kuondoka. Akasikika Dhamana, anahema: "Mzee, unaishije na sauti hiyo?" Na sauti ya mume wangu, ya chini, karibu kabisa na kamera: "Naitafutia pa kukaa."

Hilo sikulisikia siku ile. Nililisikia kwenye meza yetu ya kulia, nikiwa na kibao mkononi.

Sasa nawaeleza kinachonikera mpaka leo. Yule mama bado yumo. Kamera ile ni mbovu, haichagui. Ukitaka kunifikia mimi lazima umpitie yeye, na shuka lake, na mtoto wake. Binti anasema, "Baba, nipe nikahamishie kipande cha mama peke yake, kile kingine kifutwe." Dobi hataki isogee hata mlangoni. Mara ya mwisho mtu kuichukua sauti yangu kuisafisha, sote tunajua ilirudije. Na mimi niliyemwita mwenzangu mbwa kwa sababu hafuti, mimi Kipaza, nimeandika kwenye kibao na kukitundika ukutani juu ya kamera: ASIGUSE MTU. Naona kinyaa nikikisoma. Sikifuti.

Dobi amepata njia yake. Tukiiwasha, kwanza anafunika kioo kwa foronya safi aliyoipiga pasi, anakaa ameinamisha kichwa mpaka wimbo wa yule mama uishe, ndipo anaifunua. Kamera inalala ndani ya lile kopo la bati, imefungwa kitambaa kisicho na alama. Kila mteja mwenye mtoto wa umri ule anamuuliza kama waliwahi kupoteza kamera. Siku mwenyewe akipatikana, anasema, tutampa chake. Siulizi siku hiyo sauti yangu itakwenda wapi.

Mjukuu amefika, wa kike, ana miezi minne na mdomo mkubwa. Jumapili iliyopita Dobi alitandika foronya, akasubiri, akaifunua. Mimi nikalipuka: "Futa hiyo!" Mtoto akashtuka, akaacha kunyonya, akatafuta. Kwenye kioo kuna kisigino tu. Akageuza macho, akamtazama mama yake, akamtazama babu yake, macho yakaja kwangu.

Nikamsogelea, nikafungua mdomo, nikaufuatisha na sauti ile neno kwa neno.